Nimempata: watendakazi wa kwanza wa Rungwe

Zamani, mtoto wa kiume wa Kinyakyusa alipofikisha miaka kumi au kumi na moja alihama kwao. Hakwenda mbali. Alitoka nyumbani kwa baba yake akaungana na wenzake wa rika lake, wakajijengea vibanda vya matete pembeni, mwanzo vya mchezo, baadaye vya kulala. Mchana walichunga ng'ombe wa baba zao. Jioni hawakutawanyika kila mmoja kwa mama yake. Waliondoka kundi zima, leo wakala kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule, mpaka mzunguko ukatimia ukaanza upya. Miaka ilipopita vibanda vikawa nyumba, wavulana wakaoa na kuleta wake zao palepale, na kambi ya watoto ikageuka kijiji kamili chenye migomba yake na mazizi yake.

Kijiji hicho kiliitwa ikipanga. Waliokaa humo hawakuwa watu wa ukoo mmoja. Ukoo ulikuwa na mambo yake, ng'ombe na mahari na urithi, lakini mtu wa kuamka naye, kulima naye na kunywa naye pombe alikuwa mwenzako wa rika. Ukiwauliza wazee walikuambia ni adabu: kijana akae mbali na faragha ya wazazi wake, na mke wa kijana asigongane njiani na baba mkwe, ambaye desturi ilimtaka amkwepe kabisa. Walikuwa na sababu nyingine pia, waliyoitamka kwa furaha zaidi. Waliita ukwangala, ile raha ya kukaa na wenzako mkizungumza. Godfrey Wilson na mkewe Monica, wataalamu wa mila waliokaa Rungwe kati ya mwaka 1934 na 1938, walilisikia neno hilo mara nyingi kiasi kwamba Monica alipochapisha kitabu chake juu ya vijiji vya rika mwaka 1951, jina la kitabu lilitoka humo.

Kuna mambo mawili zaidi ya kuweka akilini kabla Mzungu yeyote hajatokea. La kwanza, uchifu ulirithiwa, lakini mkuu wa kijiji hakuwa wa kurithi. Wazee walimtazama kijana mmoja katika rika, wakapima busara yake, wakamsimika siku ya sherehe ya kukabidhi nchi kwa kizazi kipya, na mwanawe hakuwa na dai lolote juu ya cheo hicho. La pili, mtu aliyewaudhi wenzake kijijini aliogopa pumzi zao. Minong'ono yao ilimwingia mwilini kama baridi, akaugua. Hapo ilibidi ajirudi, awape chakula, wapatane.

Naanza na vijiji kwa makusudi. Historia ya misheni ya Rungwe husimuliwa kuanzia melini, pamoja na Wajerumani wanne na masanduku yao, kana kwamba wao peke yao ndio waliokuwa wakitafuta watu. Kumbe walikuwa wanaingia katika nchi ambayo swali la nani ukae naye, nani ufanye naye kazi, lilikwishafikiriwa kwa vizazi vingi na kupewa majibu yenye sheria.

Wale wanne walikuwa Theodor Meyer, aliyewaongoza, Theophil Richard, Georg Martin na Johannes Häfner. Walitumwa na Wamoraviani wa Herrnhut, mji mdogo wa mashariki ya Ujerumani. Fedha za safari zilitokana kwa sehemu kubwa na urithi wa mfanyabiashara wa Breslau aitwaye Crakau, aliyeacha mali yake kwa ajili ya kuwahudumia watumwa. Mwaka 1891 walipita njia ya wakati ule: mdomo wa Zambezi, mto Shire, kisha Ziwa Nyasa hadi Karonga, mwisho wakapanda milima kuelekea kaskazini. Homa iliwafuata. Kabla mwaka haujaisha Martin alikuwa amekufa, hata jengo moja la kudumu halijasimama. Waliobaki walijenga chini ya Mlima Rungwe, juu kwenye ubaridi, mahali ambapo ukungu wa asubuhi huificha migomba mpaka saa nne.

Mwaka huohuo Misheni ya Berlin nayo iliingia, ikiongozwa na Alexander Merensky, mzee aliyekwishatumikia Transvaal miaka mingi. Makundi hayo mawili yalikubaliana mapema kutogombania watu: Wamoraviani wachukue magharibi, Waberlin mashariki. Matokeo yake ungali unayaona. Ukitoka Tukuyu kwenda upande wa Manow na Mwakaleli unaingia kwa Walutheri. Ukielekea Rungwe na Rutenganio unaingia kwa Wamoraviani. Walutheri huita kundi lao usharika, Wamoraviani huita ushirika, na Mnyakyusa mwenye masikio hajui tu wewe ni dhehebu gani kwa irabu hiyo moja, anakisia hata babu yako alikaa upande gani wa mpaka uliochorwa na wageni.

Hawa wa Herrnhut walikuwa na historia yao ya kutafuta wenzao, nayo inafaa kuelezwa kwa kituo. Kanisa lao lilitokana na wafuasi wa Jan Hus, aliyechomwa moto mwaka 1415. Mabaki yao walikimbia mateso huko Moravia, na kuanzia mwaka 1722 wakapewa hifadhi katika shamba la Bwana Zinzendorf, wakajenga Herrnhut. Miaka ya kwanza waligombana vikali. Baada ya kupatana mwaka 1727 walijipanga kwa namna iliyowashangaza majirani: kila mtu aliwekwa katika kundi la watu wa umri na hali yake. Waseja wa kiume walikuwa na nyumba yao, waseja wa kike yao, wajane yao. Waliishi humo, wakafanya kazi humo, wakaimba humo. Hata kaburini hawakulazwa kwa ukoo. Walizikwa kwa makundi hayo, mmoja kando ya mwingine kadiri walivyofariki, chini ya mawe bapa yanayolingana.

Kufikia mwaka 1891 nyumba hizo zilikuwa zimepoteza nguvu huko Ulaya. Sina ushahidi kwamba Meyer alisimama mbele ya ikipanga akasema, hawa ni kama sisi. Ila kama kulikuwa na Wakristo wa Ulaya waliopaswa kuelewa kwa nini mtu aache ukoo wake akajenge na wenzake wa rika, ni hawa.

Wamoraviani walikuwa pia na desturi ya kupiga kura. Si kura ya kuhesabu mikono. Palipohitajika kumpata mtu wa kutumwa, au mchungaji wa mahali fulani, kwa muda mrefu hata mchumba wa ndugu fulani, vikaratasi viliwekwa katika chombo, kimoja cha ndiyo, kimoja cha hapana, mara nyingi na cha tatu kitupu kilichomaanisha bado. Waliomba, wakachomoa, wakatii. Walimwachia Mungu atoe jibu, na pia walijiepusha na lawama. Katika karne ya 19 desturi hiyo ilififia, na sinodi ya mwaka 1889 ikaifuta. Kwa hiyo wale wanne wa Rungwe walikuwa miongoni mwa wa kwanza kwenda kutafuta watendakazi bila kikaratasi, kwa kutumia macho na akili zao tu.

Macho yao yaliwatuma kwa machifu kwanza, kama ilivyo kawaida ya wageni. Machifu waliwapokea vizuri. Mzungu jirani alikuwa kinga: wafanyabiashara wa watumwa walikuwa bado wana nguvu upande wa Karonga, ambako kiongozi wao Mlozi hakushindwa hadi mwaka 1895, na Wasangu wa chifu Merere walikuwa majirani wa kuogopwa. Machifu walileta ng'ombe, waliuliza maswali, walisikiliza mahubiri kwa heshima wanayopewa wageni, wakarudi kwao. Hakuna aliyebatizwa. Mwaka wa kwanza ukapita hivyo, wa pili, wa tatu.

Waliokuja kukaa walikuwa watu wa namna nyingine. Walikuja vijana kufyatua matofali kwa ujira wa nguo. Walikuja wagonjwa. Wakaja wakimbizi: watumwa waliowatoroka mabwana zao, wanawake walioukimbia mkono wa mume au wa mrithi wa mume. Kituo cha misheni kikawa mahali pa kujificha, na mara mmisionari akajikuta anaamua kesi za mahari, anagawa viwanja, analinda watu, yaani anafanya kazi ya chifu bila kuombwa. Pakawa ikipanga kipya, cha ajabu kidogo: wazee na vijana wamechanganyika, wenyeji na wageni, na hakuna rika lililowaunganisha. Walichoshirikiana ni kwamba kila mmoja alikuwa ameondoka mahali fulani.

Wakati huohuo kazi ya lugha iliendelea, na hapo ndipo wamisionari walipowahitaji wenyeji kuliko walivyopenda kukiri katika taarifa zao. Mwanzo walihubiri kwa wakalimani. Kila mtu aliyewahi kuhubiri kwa mkalimani anajua ni nani hasa anayehubiri. Neno la Mungu lenyewe lilibidi liombwe kwa wenyeji. Lililochaguliwa, Kyala, lilikuwa jina la shujaa wa kale mwenye msitu wake mtakatifu karibu na ziwa, na leo ni Wanyakyusa wachache wanaolisikia bila kumfikiria Mungu wa Biblia. Mberlin mmoja, Schumann, alichapisha sarufi ya Kinyakyusa mwaka 1899, na Agano Jipya likatoka mwaka 1908. Jina la mtafsiri huandikwa mbele ya kitabu. Wanaume na wanawake walioketi barazani wakisema, hapana, hivyo hatusemi, hawakuandikwa. Ila walifanya chaguo moja ambalo halijafutika: Paulo anapoliandikia kanisa la Korintho, katika Kinyakyusa analiandikia ikipanga.

Ubatizo wa kwanza wa Rungwe ulikuja mwaka 1897, miaka sita baada ya hema la kwanza kusimikwa. Aliyebatizwa alikuwa mwanamke, jina lake Fiambarema. Alichukua jina jipya la Kinyakyusa, halikutoka Ujerumani wala kwenye Biblia: Numwagile, ambalo Wajerumani waliliandika kwa r, Numwagire. Maana yake ni nimempata.

Wanne walikuwa wamevuka bahari kutafuta watu, wamemzika mmoja wao, wamekaa miaka sita wakiwatazama machifu na wana wa machifu, na anapopatikana mtu wa kwanza, ni mwanamke, na yeye ndiye anayesema amepata. Kinyakyusa, kama Kiswahili, hakitofautishi hapo mwanamume na mwanamke. Numwagile ni nimempata yeyote yule. Wakristo wa Rungwe huelewa kwamba aliyepatikana ni Bwana. Kitenzi chenyewe ni kilekile anachotumia mtu aliyekwenda kumtembelea mwenzake akamkuta nyumbani.

Baada yake wakaja wengine, na polepole wakatokea wale ambao Wamoraviani waliwaita wasaidizi. Cheo hicho kilikuwa cha kale kwao: kila mahali walikokwenda, tangu walipotuma watu visiwa vya Karibi mwaka 1732, waliwatwika waumini wa mahali hapo kazi ya kutembelea wagonjwa, kusuluhisha magomvi, kufundisha wanaojiandaa kwa ubatizo. Rungwe ilizaa vituo vingine, Rutenganio na Ipiana mwaka 1894, Utengule mwaka 1895, Mbozi mwaka 1899, na kila kituo kipya kilikula watu. Hakuna kilichoweza kuendeshwa na Wazungu wawili na wake zao. Huko Kyimbila, karibu kabisa na Tukuyu, misheni ilifungua hata shamba na biashara chini ya Adolf Stolz, ambaye wataalamu wa mimea wanamfahamu kuliko Wakristo, kwa maelfu ya majani aliyoyakausha na kuyapeleka Ulaya.

Mmoja wa walimu hao tunaweza kumsikia kwa kinywa chake. Msatulwa Mwachitete alimsimulia maisha yake Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari wa Utengule, mwanamke mwenye subira adimu ya kusikiliza. Simulizi hilo lilitoka London kwa Kiingereza mwaka 1932 kama kitabu kidogo juu ya njia alizopita mwalimu mmoja wa Tanganyika. Bibi huyo aliandika pia maisha ya wanawake waliopitia utumwa, kama Narwimba, aliyehangaika kutoka bwana hadi bwana akiwavuta watoto na wajukuu nyuma yake. Ukisoma habari hizo unaona jambo ambalo taarifa za ofisi hazikuona: waliotokea kuwa nguzo za misheni walikuwa mara nyingi watu waliokwishapoteza kila kitu mara moja, wenye ujuzi wa kuanza upya mahali pageni.

Mwingine hakuweza kuingia. Mkuu wa kijiji, yule aliyechaguliwa na wazee kwa busara yake, kwa kawaida alikuwa na wake kadhaa, na masharti ya ubatizo yalikuwa mke mmoja. Mwanamke wa mitala angeweza kubatizwa, mumewe hapana. Chujio hilo lilikuwa na madhara ambayo sidhani yalikusudiwa. Lilimwacha nje mtu ambaye jamii ilikwishampima ikamkubali, likapitisha vijana na wanawake, na kanisa likaonekana kwa wazee kama jambo la watu wasio na ng'ombe. Huko Mbozi, mmisionari Traugott Bachmann alianza kuona taabu hiyo, akawaachia wazee wa kanisa wenyeji nafasi kubwa zaidi ya kuamua mambo ya mila. Kumbukumbu zake zilipewa jina la mtu aliyewakwaza wengi. Wale ambao hawakutaka kungoja walipata mlango mwingine baadaye: mwishoni mwa miaka ya 1920 kanisa la Waafrika wenyewe lililoanzia Nyasaland lilifika Rungwe na kuwapokea wenye wake wengi bila masharti hayo.

Kabla ya hapo vita vilikuwa vimekuja. Mwishoni mwa Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey kutoka Nyasaland na Rhodesia yaliingia Neu Langenburg, jina walilolipa Wajerumani boma la Tukuyu. Wamisionari wa Kijerumani wakakamatwa, wakahamishwa, wengine na watoto wadogo. Miaka ishirini na mitano ya kutafuta watendakazi iliishia hapo kwa siku chache za kufunga mizigo.

Wakati huo hakuna Mnyakyusa hata mmoja aliyekuwa amewekewa mikono kuwa mchungaji. Kulikuwa na walimu, wasaidizi, wazee, na wanawake waliowafundisha wanawake wenzao. Wangeweza kuhubiri, wangeweza kuzika, wangeweza kusuluhisha. Meza ya Bwana hawakuruhusiwa kuigusa. Fikiria ushirika wa watu wa Rungwe katika Pasaka ya mwaka 1917: kanisa la matofali lipo, nyimbo za Kinyakyusa zipo, Agano Jipya lipo mikononi mwa watu wanaojua kusoma, na aliyejifungia ruhusa ya mkate na kikombe yuko kizuizini mbali na kwao.

Makanisa hayakufungwa. Njaa, upagazi wa vita, kisha homa kuu ya mwaka 1918 zilipita juu ya nchi, na watu waliendelea kukusanyika wakiongozwa na wale wasaidizi. Waskoti wa misheni ya Livingstonia, ng'ambo ya mpaka, walikuja kuangalia kundi kadiri walivyoweza. Kwa mapokeo yao ya Kipresbiteri, kanisa huongozwa na baraza la wazee wanaopiga hesabu na kukata shauri pamoja na mchungaji, na wazee wa Rungwe waliizoea haraka sana kazi hiyo. Kwa nini wasiizoee? Baba zao walikuwa wakichagua wakuu wa vijiji tangu zamani.

Wajerumani waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920, walirudi kwa watu wengine. Mwalimu aliyeachwa kijana alikuwa sasa mzee aliyebeba kanisa miaka tisa, na alikuwa na maoni juu ya kila kitu, kuanzia fedha za sadaka mpaka nidhamu. Baadhi ya wamisionari walilalamika kwamba heshima imepungua. Nadhani walichokiona ni ukwangala umefika kanisani: watu waliopita shida pamoja, waliokwisha kujuana kwa pumzi, hawakuwa tayari tena kungoja nje mpaka waitwe. Miaka ya 1930 Wanyakyusa wa kwanza walianza kuwekewa mikono. Hata akina Wilson, waliofika wakati huo, hawangeandika ukurasa mmoja bila Leonard Mwaisumo, karani na mkalimani wao, kijana aliyesomea misheni na aliyejua ni mlango gani wa kubisha na swali gani la kutouliza.

Mwaka 1939 vita vingine vilipozuka na Wajerumani wakakamatwa tena, hofu ya mwaka 1916 haikurudi kwa kiasi kilekile. Waliobaki walijua la kufanya.

Siku hizi, ukipita Rungwe asubuhi ya Jumapili, utasikia Ugonile kutoka kila upande wa njia na Ndaga ikijibu, na kina mama wenye vitambaa kichwani wakiteremka makundi makundi, wa umri mmoja pamoja, wakicheka. Jina la Fiambarema limebaki kwenye historia za kanisa. Lile la pili, Numwagile, lingali linatolewa kwa watoto wanaozaliwa, na wengi wanaoitwa hivyo ni wanaume.